Kwa nini chumvi za metali hubadili rangi ya moto: maswali ninayoulizwa mara kwa mara hapa Tanga

Nafundisha kemia ya sekondari hapa Tanga mjini, na hakuna somo linaloniletea maswali mengi kama jaribio la mwali wa moto, lile la kuingiza chumvi kidogo motoni kwa ncha ya waya na kuitambua metali yake kwa rangi. Wanafunzi huuliza darasani, wazazi huuliza getini, majirani huuliza wakiwa na mwiko mkononi. Nimeyaweka hapa yale yanayorudi kila mwaka, pamoja na majibu kwa kadiri ninavyoyafahamu. Mwenye haraka asome lile la magadi na lile la "njano tu".

Wali ukifurika kwenye jiko la gesi, moto wa buluu unageuka njano. Gesi yangu imechakachuliwa?

Hapana, mama. Kilichoingia motoni ni chumvi ya wali wako. Maji ya wali yakidondoka kwenye plate ya jiko hukauka papo hapo, na vumbi la chumvi linapeperushwa na gesi mpaka ndani ya mwali. Chumvi ya kula ni sodiamu na klorini, na sodiamu ikipata joto hutoa mwanga mkali wa njano. Ule mwali wa buluu ni hafifu, kwa hiyo njano kidogo tu inatosha kuufunika. Chumvi ikishaisha, buluu inarudi yenyewe.

Ukitaka kuhakikisha, ondoa sufuria, chukua chembe tatu nne za chumvi katikati ya vidole viwili, uziachie pembeni mwa moto. Utaona vimulimuli vya njano, kila kimoja kikiwaka na kuzimika. Ile ndiyo sodiamu.

Ila moto ukiwa wa njano siku nzima bila kitu kumwagika, na sufuria zinashika masizi, hiyo ni habari nyingine kabisa. Hewa haiingii vya kutosha. Zibua vitundu vya jiko, fungua dirisha, na usilale na jiko hilo likiwaka, kwa sababu gesi isiyoungua vizuri hutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na harufu inayoua watu ndani ya nyumba.

Hiyo sodiamu inafanya nini ndani ya moto mpaka itoe mwanga?

Fikiria mnazi uliokatwa vidato. Mkwezi anakanyaga kidato hiki au kile cha juu yake; katikati hapakanyagiki. Elektroni ndani ya atomu iko vivyo hivyo. Ina vidato vyake vya nishati na haiwezi kusimama kati ya kimoja na kingine.

Ndani ya moto chembe za gesi zinakimbia na kugongana kwa kasi kubwa. Atomu ya sodiamu ikigongwa sawasawa, elektroni yake ya nje inarushwa kidato cha juu. Haikai huko. Baada ya kama sehemu 16 za bilioni moja za sekunde inashuka, na nishati iliyokuwa imepanda nayo inatoka kama mwanga. Kwa kuwa urefu kati ya vidato vile viwili haubadiliki, nishati inayotoka ni ileile kila mara, na mwanga wenye nishati ileile ni mwanga wa rangi ileile.

Kinachonishangaza mimi mpaka leo ni uchache wa atomu zinazofanya kazi hiyo. Katika mwali wa nyuzijoto 1,700 hivi za Selsiasi, kwenye kila atomu 80,000 za sodiamu, ni kama moja tu iliyo juu kwa wakati wowote. Zilizobaki zote ziko chini. Lakini chembe moja ya chumvi ina atomu nyingi mno, na kila inayoshuka inaweza kugongwa tena na kupanda tena, ndiyo maana mwanga unatosha kuonekana kutoka nyuma ya darasa.

Kwa hiyo tunaposema chumvi "inabadili rangi ya moto" tunafupisha maneno. Moto wa gesi uko palepale na buluu yake. Metali ndiyo inayong'aa ndani yake.

Mbona basi kila metali ina rangi yake?

Kwa sababu kila mnazi una vidato vyake. Kiini cha sodiamu kina protoni 11, cha potasiamu 19, cha shaba 29. Kila kiini kinavuta elektroni zake kwa nguvu tofauti, na vidato vinakaa kwa nafasi tofauti. Elektroni ikishuka hatua fupi hutoa mwanga mwekundu; ikishuka hatua ndefu hutoa buluu au urujuani. Hatua ndefu zaidi hutoa mwanga ambao jicho halioni kabisa.

Wanasayansi hupima mwanga kwa urefu wa wimbi lake, kwa nanomita. Nanomita moja ni sehemu ya milioni moja ya milimita. Lithiamu hutoa wimbi la nanomita 671, nyekundu iliyokolea. Sodiamu hutoa mawili yaliyokaribiana sana, 589.0 na 589.6, yote ya njano. Potasiamu ni ya ajabu kidogo: ina 766 na 770, nyekundu iliyo ukingoni kabisa mwa uwezo wa jicho, na nyingine hafifu ya urujuani kwenye 404. Jicho linazichanganya na kuona zambarau iliyopauka. Ndiyo maana potasiamu inawapa watu taabu: mwanga wake mwingi unapita pale ambapo macho yetu yanakaribia upofu.

Rangi ni ya metali au ni ya chumvi yenyewe?

Ya metali, na ushahidi uko jikoni. Chukua chumvi ya kula na chukua magadi, yale ya kulainishia maharage. Moja ni kloraidi ya sodiamu, mengine ni mchanganyiko wa kaboneti na baikaboneti ya sodiamu. Ladha zao haziko karibu, matumizi yao hayako karibu, lakini ukivipitisha motoni kimoja kimoja hutaweza kuvitenganisha kwa macho. Vyote njano ileile. Kilicho sawa ndani yao ni sodiamu peke yake.

Kwa nini basi maabara hupenda kloraidi? Kwa sababu kloraidi nyingi hugeuka mvuke kwa urahisi zaidi, na metali isiyoingia kwenye mwali kama mvuke haing'ai. Ndiyo maana mwalimu anakuambia uchovye waya kwenye asidi ya haidrokloriki kabla ya kugusa sampuli: asidi ile inaigeuza metali iliyopo kuwa kloraidi.

Mrututu ni wa buluu, mbona moto wake ni wa kijani?

Swali zuri, na ndilo linaloonyesha nani ameelewa. Buluu ya mrututu mkavu mkononi na kijani cha moto wake ni mambo mawili tofauti. Jiwe la mrututu, yaani salfeti ya shaba, halitoi mwanga wowote. Linapokea mwanga wa jua au wa taa, linameza sehemu nyekundu na ya chungwa, na linaturudishia buluu. Tena linafanya hivyo kwa msaada wa maji yaliyofungwa ndani yake. Ukilipasha kwenye bomba la majaribio maji yale yanatoka, na unga unabaki mweupe kama wa muhogo. Ukiuachia upoe halafu ukadondoshea tone moja la maji, buluu inarudi mbele ya macho yako, na bomba linapata joto mkononi. Wanafunzi wangu huomba nirudie.

Ndani ya moto maji hayo hayapo tena na jiwe lenyewe limevunjika. Hapo shaba inatoa mwanga wake yenyewe.

Ila shaba inanilazimisha niongeze neno kwenye jibu la magadi. Si kila rangi hutoka kwa atomu iliyo peke yake. Sodiamu, potasiamu na lithiamu hung'aa kama atomu, lakini shaba ndani ya moto hushikana kwa muda mfupi na vitu vingine. Ikishikana na oksijeni na haidrojeni ya mwali hutoa kijani; ikishikana na klorini huvutia kwenye buluu. Kwa hiyo mrututu unatoa kijani, na kloraidi ya shaba inatoa kijani chenye buluu. Kalisi nayo ni hivyo: ule wekundu wa tofali unaouona unatoka zaidi kwa kalisi iliyoshikana na oksijeni na haidrojeni kuliko kwa atomu pekee. Vitabu vya shule huliruka jambo hili. Naona ni haki mwanafunzi alijue, maana vinginevyo atadhani macho yake yana kasoro.

Nitajie rangi ninazopaswa kuzijua kwa mtihani.

Sodiamu njano ya dhahabu. Kalisi nyekundu ya tofali. Shaba kijani chenye buluu. Risasi buluu iliyopauka, karibu na nyeupe. Potasiamu zambarau hafifu. Zaidi ya hapo, lithiamu na strontiamu ni nyekundu zote mbili, na bariamu ni kijani cha tufaha bichi. Boroni si metali, lakini nayo hutoa kijani kizuri sana.

Darasani kwetu kila sampuli inatoa njano tu. Tunakosea wapi?

Hamkosei peke yenu. Mnaishi Tanga.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilikuwa kwenye shule moja karibu na bahari. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika, tukatumia ya kisima, yale mazito kidogo ambayo sabuni haitoi povu. Nilisuuza waya zote kwa maji hayo, nikagawa sampuli tatu: ya kalisi, ya shaba na ya potasiamu. Wanafunzi zaidi ya arobaini wakaandika njano, njano, njano. Nilikasirika. Niliamini wamenakiliana, nikawapa sifuri. Jioni nikabaki maabara peke yangu kujaribu mwenyewe, nikachovya waya uliosuuzwa, bila sampuli yoyote, nikauingiza motoni. Njano tupu. Kesho yake nilisimama mbele yao nikafuta zile sifuri na kuwaeleza kwamba wao ndio walioandika walichokiona.

Sodiamu ndiyo tatizo, kwa sababu jicho linaikamata kwa wepesi usio wa kawaida. Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff, Wajerumani walioipa njia hii heshima ya kisayansi, waliandika mwaka 1860 kwamba kwa kifaa chao waliweza kuona sodiamu iliyo chini ya sehemu moja ya milioni 3 ya miligramu. Nao wakaeleza kwa nini inaonekana kila mahali: zaidi ya theluthi mbili za uso wa dunia ni bahari, mawimbi yanarusha matone, matone yanakauka, na vumbi la chumvi linatembea na upepo. Waliyaandika hayo wakiwa Heidelberg, mbali sana na ufukwe. Sisi tunaofuta chumvi kwenye vioo vya madirisha ya Raskazone, hapa Tanga kando ya bahari, tuseme nini?

Kwa hiyo kazi ya kwanza katika jaribio hili ni kumwondoa sodiamu. Tumia waya wa nikromu. Ule wa jiko la umeme la koili lililokufa unafaa, mradi uukate kipande na kukunja ncha iwe kitanzi kidogo. Usiguse kitanzi kwa vidole, kwa sababu jasho ni chumvi. Chovya kwenye asidi ya haidrokloriki, ingiza kwenye sehemu ya moto kali ya mwali, ona njano, chovya tena, choma tena. Mara nne, tano, hata kumi, mpaka waya unaingia motoni na moto haujui kama kuna kitu. Wengi huacha baada ya mara mbili kwa uvivu, kisha wanalaumu sampuli.

Kila metali iwe na kikombe chake cha asidi na waya wake. Sampuli ya sodiamu iwe ya mwisho kabisa, tena kwenye meza ya mbali. Zima feni. Feni inachukua vumbi la meza ya sodiamu na kuligawa darasa zima.

Kama shule haina waya, vijiti vya mishikaki vinatosha. Vilaze usiku kucha ndani ya chumvi iliyoyeyushwa kwa maji yaliyotoneshwa, kila kundi kwenye myeyuko wake. Maji hayo huuzwa kwenye vituo vya mafuta na maduka ya spea kama maji ya betri. Hakikisha unapewa maji na si asidi ya betri, chupa zinafanana. Kijiti kikianza kuungua chenyewe kitoe, maana mbao ina potasiamu na kalisi yake na itakuchanganya.

Na angalia sekunde mbili za mwanzo. Rangi ya potasiamu huja mapema na kuondoka mapema, njano inafuata na kukaa.

Kile kioo cha buluu cha maabara ni cha nini?

Ni kioo chenye kobalti. Kinaimeza njano ya sodiamu na kuiachia zambarau ya potasiamu ipite. Ukiwa na sampuli yenye metali zote mbili, bila kioo utaona njano. Ukiweka kioo mbele ya jicho utaona rangi ya waridi yenye zambarau. Kama chombo kimoja tu kingenunuliwa kwa ajili ya shule za pwani, ningeomba hicho.

Njano ya koroboi na ya mshumaa, nayo ni sodiamu?

Siyo. Pale ni chembe za masizi, yaani kaboni isiyoungua, zilizopata moto mpaka zikang'aa, kama mkaa unavyong'aa mwekundu jikoni. Weka sahani nyeupe juu ya koroboi sekunde chache, utaona weusi. Hizo ndizo chembe zilizokuwa zinakupa mwanga. Chembe ngumu inayong'aa kwa joto hutoa rangi zote kwa pamoja, na rangi yake hufuata joto lake, si metali yake. Atomu zilizo huru kwenye mvuke hutoa rangi zake chache tu.

Metali zote hutoa rangi?

Hapana. Magnesiamu ikiwa kama chumvi haikupi kitu, kwa sababu hatua yake kuu ya kushuka ni ndefu na mwanga wake, wa nanomita 285, ni wa urujuanimno usioonekana. Utepe wa magnesiamu unaowaka kwa mwanga mweupe ni habari ya joto la oksidi yake. Chuma hutoa cheche za dhahabu zile za kwa fundi wa kuchomelea, nazo ni vipande vyenyewe vinavyoungua hewani.

Nani aliyeanza kuliona jambo hili?

Mafundi wa kuyeyusha shaba waliona moto wa kijani tangu zamani sana. Aliyelitumia kutenganisha vitu ni Andreas Marggraf wa Berlin, mwaka 1758, na alichotenganisha kinatuhusu: chumvi za aina ya magadi, zenye sodiamu, na chumvi za majivu ya kuni, zenye potasiamu. Zilikuwa zikichanganywa kwa kuwa zote huungua ulimi na zote husafisha. Moto ukaonyesha njano upande mmoja na zambarau upande wa pili.

Kikwazo kikubwa kilikuwa moto wenyewe. Mshumaa na taa ya mafuta vina njano yao, na rangi hafifu zinapotea ndani yake. Karibu na mwaka 1855 Bunsen, pamoja na fundi wake Peter Desaga, walitengeneza kichomeo kinachochanganya gesi na hewa kabla ya kuwaka, mwali ukawa moto sana na karibu hauna rangi. Ndicho hicho kilicho mezani kwetu, na jiko lako la gesi linafanya kazi kwa kanuni ileile. Kirchhoff akaongeza wazo la kupitisha mwanga kwenye kioo cha pembetatu ili rangi zitengane. Kwa chombo hicho, mwaka 1860, wakaona mistari miwili ya buluu isiyo ya metali yoyote iliyojulikana, kwenye maji ya chemchemi ya Dürkheim. Wakaipa jina sesiamu, kutokana na neno la Kilatini la buluu ya mbingu. Ili kupata gramu chache za chumvi yake walichemsha maji zaidi ya tani 40. Mwaka uliofuata wakapata rubidiamu kwa mistari yake myekundu.

Kwa nini vidato vipo, hilo lilisubiri. Niels Bohr wa Denmark ndiye aliyeeleza vidato vya haidrojeni mwaka 1913.

Ni kweli watu walijua jua lina nini bila kufika huko?

Kweli kabisa, na kwa njia hii hii. Mwaka 1814 Joseph Fraunhofer alitenganisha mwanga wa jua akakuta mistari myeusi mamia, rangi zilizokosekana. Miwili ilikuwa kwenye njano, palepale panapokaa sodiamu. Mwaka 1859 Kirchhoff akaeleza: atomu inayotoa rangi fulani ikiwa moto, huimeza rangi hiyohiyo mwanga mkali zaidi ukipita ndani yake. Sodiamu iliyo kwenye anga la jua inaimeza njano yake kabla haijatufikia. Jua linalochomoza baharini mbele ya Tanga lina sodiamu ileile iliyo kwenye maji yaliyo chini yake.

Heliamu yenyewe ilionekana kwanza juani, mwaka 1868, kwa mstari wake wa njano usiolingana na wa sodiamu. Hapa duniani ilipatikana 1895.

Fataki za mwaka mpya zinatumia chumvi hizi?

Ndiyo. Nyekundu ni strontiamu, kijani ni bariamu, njano ni sodiamu, chungwa ni kalisi, buluu ni shaba pamoja na klorini. Zamani fataki zilikuwa cheche za dhahabu na nyeupe tu. Rangi hizi zilikuja kuenea tangu miaka ya 1830 baada ya kloreti ya potasiamu kuingia kwenye baruti.

Buluu ndiyo inayowashinda mafundi. Ule muungano wa shaba na klorini unaotoa buluu huvunjika moto ukizidi, na moto ukipungua mwanga hautoshi. Safari ijayo zikirushwa, tafuta buluu iliyokolea. Ukiiona, ujue fundi wake ni hodari.

Tumechoma mbao za ngalawa tulizookota ufukweni, pale Deep Sea hapa Tanga, moto ukatoka na buluu na kijani. Ni nini hicho?

Mbao iliyokaa baharini imelewa chumvi, kwa hiyo njano ni lazima. Buluu na kijani vinatoka kwa shaba: msumari wa shaba, au rangi ya chini ya chombo, ambayo mara nyingi hutiwa shaba ili wadudu na majani ya bahari wasishike. Klorini ya chumvi inakutana na shaba, na ule muungano niliousema unatokea hapohapo ufukweni.

Inapendeza kuiangalia, lakini kaa upande unaotoka upepo na usichomee samaki juu yake. Kuni zenye chumvi ya bahari zikiungua hutoa moshi wenye sumu za klorini, na rangi za vyombo zina mambo mengine mabaya.

Nina ombi zito zaidi. Vipande vya mbao za dawa, zile za kenchi zilizotiwa dawa ya mchwa na kubaki na ukijani, visiingie jikoni kamwe. Dawa inayotumika sana ina shaba, kromiamu na aseniki. Shaba itakupa moto wa kijani wa kuvutia. Aseniki inakuja na moshi na inabaki kwenye majivu. Nimeona watoto wakiotea vipande hivyo pembeni mwa nyumba inayoezekwa. Nilivichukua nikavizika, na mafundi wakaniona mkorofi. Afadhali.

Mwanangu anataka kufanya jaribio hili nyumbani. Nimruhusu?

Chumvi na magadi, chembe chache, wewe ukiwa pembeni: ndiyo. Mengine yabaki maabara. Chumvi za bariamu zinazoyeyuka ni sumu kali, mrututu ni sumu ukimezwa, na asidi si kitu cha jikoni.

Kuna video za mtu kumwaga spiriti kwenye sahani za chumvi na kuwasha, sahani zikawaka rangi zote. Nasema kwa mzazi na kwa mwalimu mwenzangu: usifanye. Mvuke wa methanoli na wa spiriti husafiri, na mtu akiongeza spiriti kwenye sahani anayodhani imezimika, moto unapanda mpaka ndani ya chupa na chupa inatema moto kwa waliokaa mbele. Wanafunzi katika nchi mbalimbali wameungua nyuso kwa jaribio hilo. Waya au kijiti cha mshikaki kinaonyesha rangi zilezile.

Lina faida gani baada ya mtihani?

Hospitali kwa miaka mingi zilipima sodiamu na potasiamu ya damu kwa kunyunyiza sampuli iliyozimuliwa ndani ya mwali na kupima ukali wa rangi. Potasiamu ya damu inatakiwa iwe kati ya milimoli 3.5 na 5 kwa lita. Ikitoka nje ya hapo sana, moyo unayumba. Siku hizi mashine nyingi hutumia njia ya umeme, lakini maabara za udongo bado hupima potasiamu kwa mwali, na mkonge ni zao linalochota sana madini ardhini. Mkulima wa Muheza anayeambiwa shamba lake limepungukiwa potasiamu huenda ameambiwa na ile zambarau hafifu isiyoonekana darasani.

Na rangi za vito vya bonde la Umba, ni jambo hilihili?

Ni metali, lakini si mwanga wa kutolewa. Yakuti na garneti za Umba zina chuma, kromiamu au vanadiamu kidogo ndani yake, na metali hizo humeza sehemu ya mwanga kama mrututu unavyofanya. Zipo garneti za huko zinazoonekana kijani-buluu mchana na nyekundu-zambarau usiku kwenye taa ya balbu ya kizamani, kwa sababu mwanga unaoziangukia umebadilika.

Naweza kuona hiyo mistari bila chombo cha gharama?

Unaweza. Tafuta boksi la viatu na CD iliyochakaa. CD ina mifereji myembamba inayopishana kwa sehemu 1.6 za elfu moja ya milimita, nayo hutenganisha rangi vizuri sana. Toboa ufa mwembamba upande mmoja wa boksi, uunyooshe kwa wembe mbili zilizobandikwa zikitazamana. Upande wa pili simamisha kipande cha CD kwa mshazari, na juu yake toboa tundu la kuchungulia. Ziba mianya yote kwa gundi ya karatasi.

Elekeza ufa kwenye koroboi kwanza: utaona utepe mzima, nyekundu mpaka urujuani, bila pengo. Kisha zima taa, washa jiko la gesi, mwambie mtu aachie chembe za chumvi pembeni mwa mwali. Utepe haupo. Kwenye giza la boksi utaona mstari mmoja wa njano, mwembamba kama uzi, unawaka na kuzimika kila chembe inapoanguka.